Sifa za Kisogoni

Ukitaka kumkosesha raha mdogo wangu, msifu. Mimi ni dada yake, tumetoka tumbo moja, namjua tangu anatambaa, na ninachokuambia nina uhakika nacho. Mtukane, atacheka. Mwambie kochi lake limepinda, atalizunguka, atalikagua, na mwisho atakushukuru. Lakini jaribu kumwambia, "Fundi, hapa kweli umefanya kazi!" Utamwona anajikuna shingo, macho chini, miguu haijui isimame wapi, halafu atasema, "Aa, ya kawaida tu." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Kawaida. Lile jina lililoandikwa kwenye bango la karakana halisomwi na mtu.

Kazi yake ni makochi. Unampelekea kochi lililokwisha kufa, sponji imelala, kitambaa kimeliwa na panya, springi zinakuchoma makalio, naye anakurudishia kitu ambacho utaona haya kukikalia. Mimi ni msusi. Kibanda changu kinatazamana na karakana yake, barabara tu katikati, kwa hiyo namwona kutwa nzima huku vidole vyangu viko kwenye vichwa vya watu. Na nimeona jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwingine. Mteja akija kuchukua kochi, kabla hajafungua mdomo, mdogo wangu anamvuta upande wa nyuma na kumwonyesha kasoro. "Hapa, bosi, mshono umetambaa kidogo. Na huku chini kitambaa hakikunyooka vizuri." Mteja anainama, anatumbua macho, haoni kitu, anaondoka na kochi lake amefurahi.

"Hivi wewe una nini?" nilimwuliza siku moja. "Kasoro unazitafuta kwa tochi?"

"Dada, akiziona mwenyewe nyumbani kwake atasema nilimficha."

Basi. Huyo ndiye mdogo wangu, na wateja wanampenda kwa hilo hilo. Wanajua kusoma maneno yake. Akisema "si mbaya sana", wanajua ni kochi la kumkalisha bwana harusi. Akisema "ya kawaida", wanaita gari la kubebea mara moja.

Usidhani aliyaokota njiani haya. Tulilelewa hivyo. Kwa mama yetu, mtu kujitaja ilikuwa sawa na kukaa mezani bila shati. Mgeni akija akasema, "Mashaallah, binti amekua, na mchangamfu!" mama alikuwa anacheka na kusema, "Huyu? Kula tu ndiko anakokujua." Mimi niliwahi kumwambia mgeni kwamba najua kuimba. Loo! Nilifinywa paja chini ya meza mpaka wimbo wenyewe ukanitoka kichwani. Na mama hakuwa mkali, wala hakuwa na roho mbaya. Alituogopea. Alituogopea macho ya watu, alituogopea kuvimba vichwa, aliogopa tutaota mapembe halafu dunia ije ituvunje. Siku tuliyomzika, majirani walinishika mikono wakaniambia jinsi alivyokuwa akijigamba kwa ajili yangu: mwanangu huyu mikono yake ina baraka, mwanangu huyu hata nikifa leo ataishi. Nilisimama pale na mapengo yangu na watoto wangu, nikasikiliza sifa zangu kwa mara ya kwanza, na aliyezisema yuko ardhini. Nililia kwa hasira, nisikufiche.

Mimi nina mdomo, ndio ulioniokoa. Mdogo wangu hana. Yeye yale malezi aliyabeba yote kama yalivyo, akamwekea mwanawe.

Mwanawe ni mmoja tu, binti, aliyempata tukiwa sote tumeshakata tamaa. Tunamwita Tepu, kwa sababu tangu alipoweza kusimama alikuwa na tepu ya kupimia shingoni, anapima kila kitu: paka, ndoo, miguu ya wateja. Wifi yangu, mama yake, ni mpishi wa jikoni hospitalini, anatoka alfajiri, kwa hiyo mtoto akirudi shule makao yake ni karakana, chini ya meza ya kukatia. Anaokota pini zilizoanguka, anachora kwa chaki sakafuni, anasikiliza. Na akili aliyo nayo huyo mtoto, jamani, mimi nisiseme. Mimi ni shangazi, nitaambiwa napiga chuku.

Acha nikupe moja tu. Mwaka jana alikuja mzee mmoja na makochi yake mekundu, anataka yavishwe kitambaa cha mistari alichokinunua mwenyewe mbali huko. Mdogo wangu akapima, akapima tena, akamwambia, "Mzee, kitambaa hakitoshi, mkono mmoja wa kochi utabaki uchi." Mzee akaondoka kwa unyonge kwenda kufikiri. Jioni mtoto akatoka chini ya meza. Alikuwa amechora vipande vyote vya kochi sakafuni kwa chaki, amevigeuza, kimoja amekilaza, kingine amekisimamisha, mistari inakutana yote. Kitambaa kinatosha, na kinabaki cha mto mdogo.

Nilikuwa namalizia kichwa cha mteja. Namwona mdogo wangu anavuka barabara anakimbia, huyu mtu ambaye hata mvua haimkimbizi. Macho yanang'aa. "Dada," ananinong'oneza, "dada, njoo uone mtoto alichofanya. Mimi miaka yote hii kwenye makochi nisingekiona kile. Ana kichwa, dada. Ana kichwa cha ajabu."

"Umemwambia?"

"Ala! Nimwambie ili iweje? Shh, asikusikie."

Mzee aliporudi akakuta makochi tayari, akashika mdomo. "Kumbe kilitosha!" Mdogo wangu akajikuna shingo. "Bahati tu, mzee. Mtoto alikuwa anachezachezea chaki hapa chini, ikatokea." Mzee akamwangalia Tepu, akamwambia baba, "Huyu binti yako ana akili." Naye, kama alivyokuwa mama yetu, kicheko kile kile: "Akili? Ana kelele tu huyu. Ananiokotea pini, basi."

Mzee akacheka, mdogo wangu akacheka, na mimi ng'ambo ya barabara nikacheka. Sisi wakubwa tulielewana. Tepu alikuwa amesimama katikati yetu na tepu yake shingoni, na hakucheka. Niliona hakucheka, nikadhani ni adabu.

Ikawa hivyo kwa kila jambo. Alipoongoza mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwalimu wake alikuja karakana na furaha zake, mdogo wangu akamwambia, "Tumshukuru Mungu, Mwalimu, si unajua yule mwenzake aliyekuwa akiongoza aliugua." Mwalimu alipoondoka, alivuka barabara kuja kwangu akashindwa hata kusema. Alikaa kwenye kigoda cha wateja akajifuta macho kwa kitambaa chenye gundi. Mtoto huyo machozi hakuyaona. Alichosikia ni habari ya mwenzake aliyeugua.

Sasa kuna shule moja ya wasichana, ya ufundi. Tepu aliwahi kupelekwa pamoja na wenzake kuitembelea, akaona chumba chenye meza ndefu zilizoinama, wasichana wanachora majengo na mashine kwa rula na penseli. Alirudi akiwa kimya. Tangu siku hiyo hakutaka shule nyingine. Hakusema sana, alisema tu mara moja wakati namsuka: "Shangazi, pale wanachora vitu kabla havijakuwepo." Nikajua amekwisha. Nafasi zilikuwa chache, na alama nzuri peke yake hazikutosha: kila mtoto anaitwa pamoja na wazazi wake mbele ya mwalimu mkuu, anaulizwa, anasikilizwa, na majibu yanatolewa siku hiyo hiyo. Akikosa pale, amekosa.

Wifi hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo tulikwenda mimi na mdogo wangu. Nilimsuka mtoto vizuri, mistari myembamba ya kurudi nyuma. Baba yake alivaa suruali yake ya sherehe na viatu vinavyombana. Njia nzima anamwambia, "Ukiulizwa, jibu kweli. Usiongeze, usipunguze. Mtu anayesema uongo shuleni ameanza vibaya."

"Ndiyo, Baba," anasema Tepu.

Uani palikuwa na mabenchi, wazazi wengi, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanateleza. Jirani yetu alikuwa baba mmoja mwenye tai, amemshika binti yake mabega: "Sema wewe ni kiongozi! Sema unajiamini!" Mdogo wangu akanigusa kiwiko, tukaangua kicheko cha chinichini. Tulimwonea huruma, wallahi. Tukajiona sisi ndio watu tuliolelewa.

Tukaitwa. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imemshuka puani. Akatukaribisha, akatazama alama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akamgeukia mtoto.

"Haya, binti. Hebu niambie, wewe ni mtoto wa namna gani?"

Tepu akasimama wima, mikono nyuma, kama tulivyomfundisha.

"Mimi ni wa kawaida tu, Mwalimu. Akili yangu ni nzito kidogo ila najitahidi. Nina kelele. Mikono yangu haitulii, mara nyingine naharibu vitu. Mtihani niliongoza kwa bahati, kwa sababu mwenzangu anayeongoza siku zote aliugua."

Alisema hivyo bila huzuni. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda kwao.

Mwalimu mkuu akaivua miwani. "Hakuna kitu unachokiweza vizuri?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hata kimoja?"

Mtoto akafikiri. Alifikiri kweli, maana aliambiwa asipunguze. "Naokota pini vizuri," akasema.

"Nani amekuambia mambo haya yote?"

"Baba."

Mwalimu mkuu akamgeukia mdogo wangu. Hakuwa amekasirika. Alimwuliza taratibu kabisa, "Mzazi, ni kweli anavyosema binti?"

Nilimwangalia mdogo wangu. Nikamwomba Mungu ndani kwa ndani: mjinga wewe, hapa si karakana, sema. Na yeye, kwa sababu mbele yake amekaa mtu mkubwa, mwenye heshima zake, anayemwulizia habari za mwanawe, mkono ukamwenda wenyewe shingoni. Akacheka kile kicheko.

"Ndiyo hivyo hivyo, Mwalimu. Tunamvumilia tu."

"Mwalimu, samahani," nikaanza. Mdogo wangu akanikata jicho. Jicho la mama yetu, lile lile, na mimi mtu mzima na mapengo yangu nikanyamaza. Kama ardhi ingepasuka ningeingia kwanza mimi.

"Asanteni," akasema mwalimu mkuu. "Subirini uani. Majibu mchana."

Tulipokaa tu benchi, nikamtuma Tepu bombani akanawe uso. Nilitaka nimshughulikie baba yake. "Wewe," nikamwambia, "una kichaa? Umemzika mtoto mzima mzima!"

"Dada, punguza sauti. Nimefanya nini? Kila mzazi husema hivyo. Mwalimu ni mtu mzima, ameelewa. Na mtoto amejibu kwa adabu, mpaka nimejisikia vizuri."

"Adabu? Umemsikiliza wewe?"

Alinitazama. Nadhani hapo ndipo kitu kilianza kumgusa, kwa sababu mtoto aliporudi, maji yanamdondoka kidevuni, alimvuta karibu kwa mkono.

"Mama," akamwambia, maana akiwa na mapenzi humwita hivyo, "yale uliyomwambia Mwalimu, ulikuwa unaonyesha adabu, sivyo? Ile ya mtu kutojisifu?"

Tepu hakuelewa. "Adabu ipi, Baba? Umeniambia niseme kweli."

"Ndiyo, lakini..."

"Nimesema kweli tupu. Yote ni yale unayosema wewe. Ulimwambia mzee wa makochi mekundu, ulimwambia mwalimu wangu." Kisha alipoona uso wa baba yake unashuka, akaharakisha kumtuliza. "Mimi sijakasirika, Baba. Najijua."

Sijui kama umewahi kuona mtu mzima anaishiwa nguvu akiwa amekaa. Mdogo wangu alilegea pale benchini, mikono imelala mapajani. Akamwambia mtoto akacheze na wenzake. Akaniinamia.

"Nilidhani anajua."

"Angejuaje?"

"Kila mtu anajua, dada. Mtaa mzima unajua ninavyomwona huyu mtoto."

"Kila mtu uliyemwambia, ndiye anajua. Yeye ulimwambia lini?"

Akafungua mdomo. Namwona anatafuta, anarudi nyuma mwaka mmoja, mwaka mwingine, anatafuta siku moja tu ya kunitajia. Akaufunga. Akajishika uso kwa viganja vyote viwili akabaki hivyo, na watu wanapita mbele yetu. Kila siku alivuka barabara kunipa mimi sifa za mtoto wake, na mimi nilizipokea, nikazifurahia kama mtu anayeletewa zawadi ya mwenzake na kuila.

"Rudi ndani," nikamwambia hatimaye. "Kamwambie mwalimu."

"Nimwambie nini? Niingie nikamsifu mwanangu mbele ya watu? Mlango uko wazi ule, dada, wote watasikia."

"Basi naenda mimi. Mimi mdomo ninao."

"Wewe wasusi wenzako wenyewe hawakuamini." Alisema hivyo bila kucheka. "Aliyesema ni mimi. Lazima nikaseme mimi."

Lakini hakuinuka. Alijifuta jasho. Akaangalia viatu. Nikamwona anasogeza midomo, anajaribisha maneno, anayaacha. Baba wa tai alikuwa bado pale, sasa anamfundisha binti yake kupeana mikono, na safari hii hatukumcheka. Mwisho mdogo wangu akapiga moyo konde, akasimama, akaenda akapita foleni yote ya wazazi, akasimama mlangoni kama mtu aliyeletwa na polisi.

Nilikwenda nikakaa benchi la chini ya dirisha. Tepu akanifuata. "Baba ameitwa tena?" Nikamkalisha karibu yangu. Nilitaka asikie. Nilijua, kwa akili zangu hizi, kwamba akisikia tu, mambo yamekwisha.

"Mwalimu, samahani," sauti ya mdogo wangu ilikuwa inatetemeka. "Nimerudi. Mara ya kwanza sikusema vizuri. Mwanangu... mwanangu ana akili."

Mzazi mmoja kwenye foleni akakohoa, mwingine akacheka.

"Ana akili nyingi. Ana kichwa cha ajabu. Alinipangia kitambaa ambacho mimi nilishindwa, akanionyesha sakafuni kwa chaki. Nikamwambia mteja ni bahati. Haikuwa bahati. Mtihani nao aliongoza mwenyewe, hata yule mwenzake angekuwa mzima angemshinda. Mikono yake haiharibu kitu. Mimi ni fundi, Mwalimu, nawajua mafundi, na hakuna fundi niliyemwona kama huyu mtoto." Aliyatoa mbiombio. Foleni sasa ilikuwa inacheka waziwazi, si kwa ubaya, ila walicheka. Kupitia dirishani nilimwona shati limemganda mgongoni, macho sakafuni, anajikunakuna shingo mpaka imekuwa nyekundu.

"Kwa nini hukusema mwanzo?" akauliza mwalimu mkuu.

"Aibu, Mwalimu. Niliona haya."

"Na mimi nimelelewa hivyo," akasema yule mama. "Wazazi wanaingia hapa kutwa wanasema 'wa kawaida tu', nimezoea. Wewe nilikuelewa. Lakini watoto huwa wanasema hivyo wakitabasamu. Wako hakutabasamu." Akaivaa tena miwani. "Nafasi ni yake. Nilitaka tu kujua kama nyumbani kuna mtu anayemwambia."

"Hakuna, Mwalimu," mdogo wangu akasema.

Nikageuka kumkumbatia Tepu. Alikuwa amevuta sweta lake juu, amejifunika uso wote, mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, lia mama, lia, ni furaha. Mimi mjinga.

Tulitoka getini. Mdogo wangu alikuwa mwepesi kama mtu aliyeng'olewa jino lililomtesa wiki nzima: anacheka peke yake, anajifuta jasho, anasema, "Umepata, mama! Umepata!" Mtoto alikuwa nyuma, anaburuta miguu. Tulipofika kwenye barabara kubwa akasimama.

"Baba, turudi."

"Umesahau nini?"

"Turudi tukamwambie Mwalimu kweli."

Mdogo wangu bado anacheka. "Kweli ipi tena?"

"Wewe husemi uongo," Tepu akasema. "Hujawahi. Leo umesema, kwa ajili yangu, na watu wote wamesikia, walikuwa wanakucheka. Nimekuona kwa dirisha unavyotetemeka. Mwalimu amekuamini wewe, Baba, kwa hiyo amenipa nafasi ya mtu mwingine."

"Si uongo! Mama, nisikilize, nilichosema ndicho..."

"Mbona ulikuwa unaona aibu?"

Hapo alikwama. Angemwelezaje mtoto, pale barabarani, na magari yanapita, kwamba mtu anaweza kuona aibu kwa kusema kweli? Alinigeukia mimi. Na mimi nikajitosa.

"Mwanangu, baba yako anakusifu kila siku! Kila siku anavuka barabara kuja kunisimulia mambo yako, mpaka masikio yananiuma!"

"Lini, Shangazi?" Aliniangalia kwa heshima zote, kama mtoto mwenye adabu anavyomwangalia mtu mzima anayedanganya na hataki kumwumbua. "Mbona mimi niko pale kila siku na sijasikia?"

Nilisimama na mkoba wangu kifuani kama mwizi aliyekamatwa nao.

Mdogo wangu alijaribu tena. Akachuchumaa mbele yake, akamshika mabega, akaanza, "Wewe ni..." na ulimi ukamshinda. Maneno yale yale aliyoyasema mlangoni mbele ya foleni ya watu, mbele ya macho ya mwanawe yakagoma kutoka. Akaanza tena, "Mama, wewe ni..." Halafu akakaa kitako pale pale ukingoni mwa barabara, na suruali yake ya sherehe, akalia kwa sauti. Watu walikuwa wanapunguza mwendo kumtazama.

Tepu alifadhaika sana. Alikuwa hajawahi kuona machozi ya baba yake. Akapiga magoti mavumbini, akavuta mkono wa sweta lake mpaka ukafunika kiganja, akaanza kumfuta uso.

"Basi, Baba. Usilie. Hatutarudi," akamwambia. Akatazama kushoto na kulia kama kuna anayesikia, akashusha sauti. "Sitamwambia mtu."